Mwana Aliye Ng'ambo: Kodi Yake Ni ya Nani?

Siku hizi si ajabu kuona nyumba kijijini yenye bati jipya lililonunuliwa kwa fedha za mtoto aliye mbali. Huyu ana binti Muscat, yule ana kijana Toronto, mwingine ana mkwe anayeuguza wagonjwa London. Fedha zafika kwa simu, ada ya shule yalipwa, na bibi apata dawa yake. Twashukuru, kisha twaendelea na kazi zetu. Lakini liko swali ambalo wazazi wachache hujiuliza, nalo lagusa kila shilingi anayoipata mtoto huyo. Kodi ya mshahara wake ni haki ya nani? Ni ya nchi anamofanya kazi na kulala, au ni ya nchi alikozaliwa, ambayo pasipoti yake ameibeba?

Msidhani kwamba swali hili ni la wataalamu peke yao. Limewafanya watu wengine waukane uraia wao mbele ya konseli, na limewafanya wanadiplomasia wafukuzwe. Basi na tulitazame polepole.

KODI YA NYUMBA NA KODI YA KICHWA

Wazee wataelewa jambo hili upesi, maana waliziona kodi za wakati wa ukoloni, au walisimuliwa na baba zao. Katika Tanganyika, sheria ya mwaka 1922 ilitoza kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kodi ya nyumba ilishikamana na nyumba: palipo na nyumba ndipo palipo na kodi. Kodi ya kichwa ilimshika mtu mwenyewe. Tuyachukue majina hayo mawili kama mfano, yatatusaidia kukumbuka.

Karibu nchi zote za dunia leo hutoza kodi ya mapato kwa njia iliyo kama ile ya nyumba. Hutazama makao. Serikali huuliza: "Mtu huyu anaishi wapi?" Haimwulizi kwanza yeye ni raia wa wapi. Hivi ndivyo ilivyo Tanzania kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Mtu aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa kuwa mkaazi, hata akiwa mgeni. Mwenye makao ya kudumu nchini naye huhesabiwa hivyo akiwapo hata kwa sehemu ya mwaka. Tena mtumishi wa Serikali aliyetumwa nje huhesabiwa mkaazi, ijapokuwa hayupo. Kenya nayo huzihesabu siku zile zile 183.

Nchi chache hufuata njia ya pili, yaani ile ya kichwa. Kodi humfuata raia popote aendapo, hata asipokanyaga nchi yake kwa miaka 30. Nchi mbili zinazojulikana zaidi kwa desturi hiyo ni Marekani, iliyo na mali nyingi, na Eritrea, iliyo maskini. Ni jambo la kustaajabisha kuziona nchi mbili zisizofanana hata kidogo zikitembea njia moja.

MAREKANI ILIANZAJE?

Desturi ya Marekani ilianza wakati wa vita. Mwaka 1861 Wamarekani wa kaskazini na wa kusini walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, Serikali ilihitaji fedha za kulipa majeshi, nayo ikatunga kodi ya mapato kwa mara ya kwanza. Raia waliokaa ng'ambo huku wakila faida ya mali zao zilizobaki nyumbani walitozwa zaidi kuliko wenzao. Mwaka 1864 sheria iliendelea mbele ikawashika raia wa ng'ambo hata kwa mapato waliyoyapata huko huko. Watu walisema: wenzetu wanakufa vitani, nawe umekaa Paris ukila raha, basi lipa. Neno hilo lilikuwa na maana yake wakati ule.

Vita vilikwisha mwaka 1865, na kodi hiyo ikafutwa mwaka 1872. Lakini kodi ya mapato iliporudi kwa nguvu mwaka 1913, ile desturi ya kumfuata raia ilirudi pamoja nayo, ingawa vita havikuwapo tena.

Mtu mmoja alikwenda mahakamani kuipinga. Aliitwa George Cook, Mmarekani aliyeishi Mexico City, na mali iliyompatia mapato ilikuwa huko Mexico. Alilipa fungu la kwanza la kodi, dola 298.34, kisha akadai arudishiwe. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia. Majaji walisema kwamba Serikali humfaa raia wake na mali yake popote walipo, kwa hiyo inayo haki ya kumtoza popote alipo. Hukumu hiyo imesimama hata leo.

MZIGO WENYEWE UKO WAPI?

Tusiseme yasiyo kweli. Wamarekani wengi wanaoishi ng'ambo hawalipi kodi mara mbili. Sheria yao ina milango miwili ya kuwapunguzia. Kwanza, kodi waliyolipa katika nchi wanamokaa huweza kutolewa katika kodi wanayodaiwa nyumbani. Pili, sehemu ya mshahara waliopata kwa kazi ng'ambo haitozwi; kwa mwaka 2025 sehemu hiyo ilikuwa dola 130,000. Basi mwalimu Mmarekani afundishaye katika shule ya Mwanza aweza kuona kwamba hadaiwi hata senti moja kwao.

Lakini asiyedaiwa kitu aweza kutakiwa ajaze fomu vile vile. Hapo ndipo ulipo mzigo. Mapato yake yakipita kiwango kilichowekwa, kila mwaka yampasa ayaandike yote kwa dola. Tena tangu sheria ya mwaka 1970, akiwa na akaunti za benki nje ya Marekani ambazo jumla yake imefika zaidi ya dola 10,000 hata siku moja katika mwaka, lazima azitaje. Sheria haitazami tu akaunti za fedha zake mwenyewe. Akaunti ambayo yeye ni mtia sahihi tu nayo imo. Mamisionari wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946, na tangu siku hizo Wamarekani wengi wamefanya kazi katika parokia, hospitali na shule zetu. Padre au sista Mmarekani anayetia sahihi katika hundi za hospitali, akiwa hana hata senti yake ndani ya akaunti hiyo, aweza kudaiwa taarifa yake na serikali ya kwao.

Na anayesahau hupata nini? Tuchukue kisa cha Alexandru Bittner. Alizaliwa Romania, akahamia Marekani akapata uraia, kisha mwaka 1990 akarudi Romania kufanya biashara. Hakuzitaja akaunti zake kwa miaka 5. Baadaye alizitaja, na Serikali ikamtoza faini ya dola 2,720,000, ikihesabu kila akaunti kuwa kosa moja. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kosa huhesabiwa kwa kila taarifa ya mwaka, wala si kwa kila akaunti. Faini ikashuka hadi dola 50,000. Hiyo nayo si fedha ndogo.

FIMBO YA MBALI

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa miaka mingi Wamarekani wengi wa ng'ambo waliishi bila kujali sheria hiyo, maana nani angewaona? Ndipo mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipoirefusha fimbo. Lilipitisha sheria iitwayo FATCA, inayozitaka benki za dunia nzima kuwatafuta wateja walio Wamarekani na kutoa habari zao. Benki inayokataa hukatwa asilimia 30 ya malipo fulani yanayotoka Marekani. Basi benki ziliogopa. Katika nchi nyingi za Ulaya zilianza kuwauliza wateja walikozaliwa, na nyingine ziliona heri kutowapokea Wamarekani kabisa kuliko kujiingiza katika taabu.

Hapo watu wengi wakagundua kwamba wao ni Wamarekani bila kujua uzito wake. Bwana Boris Johnson, aliyekuwa Meya wa London na baadaye Waziri Mkuu wa Uingereza, alizaliwa New York mwaka 1964, akaondoka huko akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2014 alieleza kwamba Marekani inamdai kodi kwa faida ya nyumba aliyoiuza London, ambayo kwa sheria ya Uingereza haikutozwa. Alilalamika, lakini mwishowe alilipa. Mwaka 2016 aliuacha uraia wa Marekani.

Je, jambo hili latuhusu? Latuhusu. Fikirini mtoto aliyezaliwa Marekani mwaka 1990, baba na mama yake Watanzania wakiwa masomoni huko, kisha akarudi nao Moshi kabla hajaacha kunyonya. Hajui mji aliozaliwa ila kwa picha. Lakini kwa Katiba ya Marekani, aliyezaliwa hivyo ni raia, na akipata mapato ya kutosha, sheria ya kodi ya huko yamtazama. Nayo sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, basi lazima achague. Akitaka kuuacha ule wa Marekani, yampasa kufika mbele ya konseli na kuapa. Ada ya kazi hiyo ilipandishwa mwaka 2014 kutoka dola 450 hadi dola 2,350, na mwaka 2023 Serikali yenyewe ilipendekeza kuirudisha chini. Tena mtu huyo atakiwa kuthibitisha kwamba ametimiza sheria za kodi kwa miaka 5 iliyopita. Wazazi walioleta watoto wa namna hiyo nyumbani yafaa waulize mapema ubalozini, wasingoje mpaka kijana awe na miaka 30.

ERITREA NA ASILIMIA MBILI

Sasa twende Eritrea. Watu wa nchi hiyo walipigana na Ethiopia tangu mwaka 1961 hata mwaka 1991, na wengi walikimbilia Sudan, nchi za Uarabuni, Ulaya na Marekani. Wakiwa uhamishoni walichanga kwa hiari kusaidia vita vya ukombozi. Wapo waliotoa sehemu kubwa ya mshahara wao kila mwezi. Hii ni sifa kwao, tena kubwa.

Baada ya ushindi, mchango uligeuka sheria. Mwaka 1991, na tena mwaka 1995, Serikali mpya ilitangaza kwamba kila Mwiritrea aliye ng'ambo atoe asilimia 2 ya mapato yake. Mtu asikiapo asilimia 2 husema: si kitu. Ni kweli, kiasi chenyewe si kikubwa. Shida iko katika namna inavyokusanywa.

Eritrea haina benki za dunia za kuipelelezea. Fimbo yake ni karatasi. Asiyelipa hapewi hati ya kuonyesha kwamba hadaiwi, na bila hati hiyo milango mingi hufungwa. Mtu amefiwa na baba yake Keren, ataka kushughulikia urithi, aulizwa hati. Ataka pasipoti mpya, au kibali cha biashara, aulizwa hati. Hivyo hata mkimbizi aliyeikimbia Serikali hiyo hujikuta amesimama kwenye dirisha la ubalozi wake akiilipa, kwa sababu ya mama yake aliyebaki nyumbani.

Desemba 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2023. Lililaani matumizi ya kodi hiyo katika kuvuruga amani ya Pembe ya Afrika, likaiagiza Eritrea iache kukusanya kodi kwa vitisho, udanganyifu na njia nyingine zisizo halali. Marekani, ambayo yenyewe hutoza raia wake wa ng'ambo, ilikuwa miongoni mwa waliopiga kura ya kukubali. Mwaka 2013 Kanada ilimfukuza konseli wa Eritrea aliyekuwa Toronto, na Januari 2018 Uholanzi ilimfukuza mkuu wa ubalozi wa Eritrea, sababu ikiwa ni kodi hiyo hiyo. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa viliondolewa Novemba 2018.

NANI ANA HAKI?

Tuwape nafasi wanaotetea kodi ya uraia, maana hawasemi upuuzi. Wasema: Raia aliye ng'ambo ana pasipoti yetu. Vita vikizuka huko aliko, twapeleka ndege kumchukua. Akizeeka aweza kurudi nasi tutampokea. Mwacha asili ni mtumwa, basi na achangie kwao. Tena wasema: mkiifuata njia ya makao peke yake, tajiri atachuma mali kwetu, kisha atahamia kisiwa kisichotoza kodi, atuache sisi wakulima tulipe peke yetu.

Neno hilo la mwisho lina nguvu, lakini dawa yake ipo bila kuwatwisha mzigo raia wote. Kanada humtoza anayehama kwa faida ya mali yake iliyoongezeka thamani kabla ya kuondoka, kisha humwacha aende. Ufaransa iliona matajiri wake wakihamia Monaco, mji mdogo usiotoza kodi ya mapato. Baada ya ugomvi mkali wa mwaka 1962, nchi hizo mbili zilifanya mkataba mwaka 1963, na Wafaransa waliohamia Monaco wakaendelea kutozwa kana kwamba wako Ufaransa. Yaani Ufaransa ilipoona tundu moja, iliziba tundu lile moja. Haikuwafuata wauguzi na walimu wake duniani kote.

Kwa maoni yetu, njia ya makao ndiyo iliyo karibu zaidi na haki. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo hulima shamba la nyumba alimo mgeni. Halipelekwi kulima kule alikotoka. Barabara anayopita binti yetu Toronto, hospitali anamojifungulia, shule ya watoto wake, askari anayemlinda usiku: vyote vyalipwa kwa kodi ya huko. Ni haki avichangie. Akidaiwa tena nyumbani kwa vitu asivyovitumia, wenye fedha watakodi wahasibu na kupita katikati ya sheria, na atakayenaswa ni muuguzi na mfanyakazi wa nyumbani.

Nchi nyingine zilijaribu njia ya uraia zikaiacha. Ufilipino, yenye mamilioni ya watu wanaofanya kazi ng'ambo, ilikuwa ikiwatoza raia wake hao asilimia 1 hadi 3. Kwa sheria ya mwaka 1997 iliacha kutoza mapato wanayoyapata huko nje.  Huko Marekani kwenyewe, Desemba 2024, Mbunge Darin LaHood wa Illinois alipeleka Bungeni mswada wa kuwaruhusu raia wa ng'ambo kutozwa kwa makao. Sheria kubwa ya kodi iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 haikuubeba mpango huo.

Sheria hiyo, lakini, ilibeba neno lingine linalofika hata kijijini. Tangu tarehe 1 Januari 2026, anayetuma fedha kutoka Marekani kwenda nchi nyingine kwa kulipa noti taslimu, hawala ya fedha au hundi ya benki hukatwa asilimia 1, akiwa raia au mgeni. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi iliyotolewa huko hakatwi. Mwambieni mtoto wenu jambo hili katika simu ya Jumapili.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Kwanza, mwana aliye ng'ambo alipe kodi ya mahali alipo, wala asijivune kwa kuikwepa. Sheria za nchi hizo hubadilika. Oman, kwa mfano, haikuwa na kodi ya mapato ya mtu binafsi, lakini mwaka 2025 ilitangaza kodi ya asilimia 5 itakayoanza mwaka 2028 kwa wenye mapato yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka. Binti wa kazi za nyumbani hatafikia kiwango hicho. Daktari na mfanyabiashara waweza kukifikia.

Pili, atunze stakabadhi. Mwenye nyumba yake ya kudumu hapa, anayekuja mara kwa mara, aweza kuhesabiwa mkaazi wa Tanzania kwa sheria tuliyoitaja juu. Siku akiulizwa, karatasi ya kodi aliyolipa ng'ambo ndiyo itakayomsemea.

Tatu, tusiwadai wana wetu kama Eritrea inavyowadai wake. Waeritrea walitoa kwa moyo wakati hakuna aliyewashurutisha, na utamu wa mchango ule ulipungua siku ulipogeuka sharti la kupata hati. Vivyo hivyo katika nyumba zetu. Mtoto anayeletewa hesabu kila mwezi, bati la mjomba, mahari ya kaka, pikipiki ya binamu, mwisho hazipokei simu. Naye aliyeulizwa kwanza habari za afya yake na baridi ya huko hukumbuka mwenyewe kwamba mvua za masika zimekaribia na nyumba ya mama yavuja.